Kaloleni: Nyumba ya Kiingereza kwa Mawe ya Nairobi

Kaloleni ni mtaa wa nyumba fupi za mawe zenye paa za vigae vyekundu, kando ya barabara ya Jogoo, hatua chache baada ya uwanja wa City Stadium mtu akitoka katikati ya jiji la Nairobi. Ulijengwa na manispaa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika. Ramani yake, mteremko wa paa zake na jinsi nyumba zinavyotazamana kuzunguka viwanja vya nyasi vina asili moja, nayo ni nyumba ya matofali ya kijiji cha Uingereza. Umbo lilisafiri lakini malighafi haikusafiri. Tofali liliachwa, jiwe likachukua nafasi yake. Na baada ya jiwe likaja bati.

Makala haya yanafuata njia ambayo mwandishi wake aliipita kwa miguu asubuhi moja, kutoka Muthurwa hadi Buruburu, mwendo wa takriban kilomita sita. Mitaa iliyo kando ya njia hiyo imepangika karibu sawa na miaka ilivyofuatana: kadiri mtu anavyokwenda mashariki, ndivyo nyumba zinavyozidi kuwa changa.

Landi na majengo

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na makao ya kwanza ya kudumu ya wafanyakazi upande wa mashariki yalikuwa ya reli. Yaliitwa landi: safu ndefu za vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, mlango mmoja na dirisha moja kwa kila chumba, bomba la maji na vyoo vya pamoja. Jina hilo limebaki katika barabara ya Landhies na katika mtaa wa Landimawe, yaani landi za mawe. Muthurwa ulikuwa mtaa wa aina hiyo. Leo mgeni anapokelewa hapo na soko na kelele za makanga. Landi haikukusudiwa kuwa nyumba ya kuishi mtu na watu wake. Ilikuwa mahali pa kulala mwanamume mmoja ambaye mke na watoto wamebaki mashambani, na ambaye, kuanzia mwaka wa 1920, alitembea na kipande kilichoonyesha ameajiriwa na nani.

Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya vijiji vya awali vya Waafrika kuvunjwa, ulikuwa na nyumba ya namna nyingine. Manispaa ilitoa viwanja, wenyeji wakajenga wenyewe, na walichojenga ni nyumba ya Kiswahili ya pwani: kuta za fito na udongo, mlango wa mbele unaoingia kwenye ukumbi wa katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua wa kupikia na kufulia. Paa nyingi zilikuwa za madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Kila chumba kiliweza kupangishwa peke yake, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Watu waliiita sehemu hiyo Majengo, jina ambalo miji mingi ya Afrika Mashariki inalo.

Shauri Moyo ulifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, ulipojengwa kuwapokea watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani. Jina lake huelezwa na wenyeji kwa ufupi: ni shauri la moyo wako, ukubali nyumba ya manispaa au utafute njia yako. Kufikia hapo mjenzi alikuwa amebadilika. Mkazi hakuchora tena nyumba yake; alikabidhiwa ufunguo wa nyumba iliyochorwa na ofisi.

Asili ya umbo

Ili kuielewa Kaloleni ni lazima kwanza kuitazama Uingereza. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, sheria ya 1667 ilitaka nyumba mpya za mji huo zijengwe kwa matofali au mawe badala ya mbao. Udongo wa mfinyanzi ulikuwepo tele, tanuri zikaongezeka, na tofali likawa ukuta wa kawaida wa tajiri na maskini. Viwanda vilipokua katika karne ya 19, tofali hilohilo lilitumika kujenga safu za nyumba za mgongo kwa mgongo katika miji kama Leeds na Manchester: ukuta wa nyuma wa nyumba hii ndio ukuta wa nyuma wa nyumba ile, hewa haipiti, na choo ni cha wengi.

Waliochukizwa na hali hiyo waligeukia kijiji. Mwaka 1859 msanifu Philip Webb alichora Red House, nyumba ya mwandishi na mchoraji William Morris huko Bexleyheath, kusini mashariki mwa London. Kuta zake za matofali mekundu ziliachwa wazi bila lipu, paa lake la vigae likainuliwa kwa mteremko mkali, na madirisha yakawekwa pale chumba kilipoyahitaji, si pale ulinganifu wa uso wa jengo ulipoyadai. Nyumba hiyo ilikuwa ya mtu mwenye fedha, lakini somo lake lilishuka hadi kwa nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1898 Ebenezer Howard alichapisha kitabu kilichopendekeza miji ya bustani, na kuanzia 1903 wasanifu Raymond Unwin na Barry Parker walianza kuujenga wa kwanza, Letchworth. Mwaka 1918 kamati ya serikali iliyoongozwa na Tudor Walters ilishauri kwamba nyumba za wafanyakazi mjini zisizidi 12 kwa ekari moja. Sheria ya mwaka uliofuata ikazipa halmashauri za Uingereza fedha za kuzijenga.

Landi za Nairobi na nyumba za mgongo kwa mgongo za Leeds zilikuwa ndugu: zote zilikusudiwa kulaza nguvukazi kwa gharama ndogo kabisa. Si ajabu basi kwamba dawa iliyotumika kule ndiyo iliyoletwa huku. Watu walioijua walikuwa tayari wamefika. Ernst May, Mjerumani aliyefanya kazi katika ofisi ya Unwin kabla ya vita vya kwanza vya dunia na baadaye akawa mpangaji mkuu wa mji wa Frankfurt, aliishi Afrika Mashariki kuanzia 1934 hadi 1953 na alikuwa na ofisi yake Nairobi.

Msukumo wa siasa na uchumi nao haukukosekana. Mgomo wa Mombasa wa 1939 uliwaonyesha watawala kwamba makao mabaya huzaa ghasia, na sheria ya Uingereza ya 1940 kuhusu maendeleo ya makoloni ilifungua mfuko. Fikra ya zamani, kwamba Mwafrika ni mgeni mjini atakayerudi kwao mkataba ukiisha, ilianza kuachwa. Mfanyakazi mwenye familia karibu, walisema wapangaji, hudumu kazini na huwa mtulivu. Nyumba ya familia ilikuja Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ikiwa na kazi ya kufanya.

Ramani

Mtu anayeingia Kaloleni kutoka barabara ya Jogoo huona tofauti kabla ya kuitazama nyumba hata moja. Njia zinapinda. Katikati ya mtaa pana uwanja mpana wenye jumba la mikutano, na njia zinatoka hapo na kuuzunguka mithili ya utando wa buibui. Nyumba zimepangwa kwa makundi yanayozunguka nyasi, hivi kwamba mlango wa mbele hautazami barabara bali unawatazama majirani. Huduma za kila siku zilipangwa ndani ya mtaa wenyewe.

Mpango huu una jina katika taaluma: kitengo cha ujirani, wazo lililotungwa na Mmarekani Clarence Perry mwaka 1929. Kanuni yake ni kwamba mtaa uwe na ukubwa unaomwezesha mtoto kwenda shule kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, na magari ya safari ndefu yapite pembeni. Mpango Mkuu wa Nairobi wa 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, uliifanya kanuni hiyo kuwa msingi wa makazi ya jiji zima. Kaloleni ilikuwa imekwisha kuijaribu.

Mpango wa mzunguko una kasoro moja Nairobi. Jiji liko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na jua la huko hupita karibu juu ya utosi mwaka mzima, likiuma zaidi asubuhi na jioni linapoinama. Nyumba inayofaa ni ile inayoelekeza kuta zake fupi mashariki na magharibi. Ramani ya mzunguko haiwezi kuzielekeza nyumba zote hivyo. Baadhi hupokea jua la jioni usoni. Mwingereza aliyezoea kulitafuta jua alikuwa na sababu ya kutoliona hilo kuwa tatizo. Mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umepunguza madhara: mwezi wa Julai ukuta uliopigwa na jua la jioni hushukuriwa.

Ukuta

Tofali la Kiingereza lilipimwa kwa mkono wa binadamu. Mwashi hulishika kwa mkono mmoja huku mwiko ukiwa katika mkono wa pili, na nguvu ya ukuta hutokana na jinsi matofali yanavyolazwa: mengine kwa urefu, mengine kwa kichwa, ili maungio ya kozi moja yasikutane na maungio ya kozi iliyo juu yake.

Eastlands iko juu ya udongo mweusi unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka kiangazi kinapoingia. Udongo huo haufai kuchomwa tofali zuri, na haufai kubeba msingi. Fundi hulazimika kuchimba hadi aupate mwamba. Mwamba huo ndio uliotoa jibu. Chini ya Nairobi na viunga vyake kuna mawe ya volkano ya kijivu, mepesi kiasi na laini ya kutosha kuchongwa kwa nyundo na tindo. Kuta za mitaa ya zamani ya manispaa zimejengwa kwa mawe hayo, na mafundi wa leo bado huagiza mawe ya jamii hiyo kutoka machimbo ya Ndarugo kwa vipimo vya inchi: tisa kwa tisa, au sita kwa tisa.

Jiwe la namna hiyo hunyanyuliwa kwa mikono miwili, na limebadilisha sura ya nyumba. Kozi ni chache na ndefu, pembe hazina urembo wa matofali, na uso wa ukuta una alama za tindo ambazo kivuli cha asubuhi huzionyesha moja moja. Ila kanuni ya mwashi wa Kiingereza imefuatwa: hakuna ungio linalosimama juu ya ungio. Wakazi husimulia kwamba kazi hiyo ilifanywa na wafungwa wa vita wa Kiitalia, ambao Kenya ilikuwa nao kwa maelfu wakati wa vita vya pili vya dunia na ambao waliacha kazi nyingine za mawe nchini, likiwemo kanisa dogo la mwaka 1942 katika bonde la Ufa karibu na Mai Mahiu.

Paa

Paa ndilo linaloitambulisha Kaloleni kwa mbali. Lina mteremko mkali wa pande mbili, na limeezekwa kwa vigae vya udongo mwekundu. Vigae vya aina hii vilijulikana Afrika Mashariki kwa jina la Mangalore, mji wa pwani ya magharibi ya India ambako wamisionari wa Basel walifungua kiwanda mwaka 1865. Kila kigae kina mfuo upande mmoja na ukingo upande wa pili, vikashikana bila saruji. Kikipasuka kimoja, fundi hukitoa na kupachika kingine bila kugusa jirani zake.

Nchini Uingereza mteremko mkali ulihitajika kwa ajili ya mvua na theluji. Nairobi haina theluji, lakini ina masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na mteremko huo huyaondoa maji haraka. Kigae hukawia kupata joto, na nyufa ndogo kati ya vigae huruhusu hewa moto itoke. Ubaya wake ni uzito. Kigae hudai kenchi na papi imara, na mbao zikioza au zikiliwa na mchwa, mgongo wa paa hulegea. Ndiyo sababu paa kadhaa za Eastlands leo zimechanganya rangi: vigae upande huu, bati upande ule.

Ukumbi wa kijiji

Kijiji cha Uingereza kina kanisa, baa na ukumbi. Waliochora Kaloleni waliweka ukumbi katikati, wakitarajia dansi za jioni, mafunzo ya ususi na mihadhara ya usafi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha Waafrika cha KAU (Kenya African Union) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki uliofanyika humo, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alidai Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili mara moja. Nairobi ilikuwa imepewa hati ya kuwa jiji tarehe 30 Machi mwaka huohuo, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimezisusia sherehe zake. Katikati ya Mei Makhan Singh alikamatwa, na hakuachiwa hadi 1961. Baadaye katika miaka ya 1950 Tom Mboya na wanasiasa wengine wa jiji walihutubia mikutano katika ukumbi huohuo.

Usanifu wa ukumbi ulichangia hayo. Jengo lililo katikati ya mtaa, ambalo kila njia inaelekea kwake, ni rahisi kulijaza watu na ni vigumu kulizingira bila mtaa mzima kujua.

Mistari iliyonyooka

Mashariki ya Kaloleni na Makongeni, miaka ya 1950 inaanza. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU, aliyeuawa Nairobi mwaka huo. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zinamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilianza Operesheni Anvil, likawakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi, na baadhi ya mitaa ikazungushiwa seng'enge.

Nyumba za kipindi hicho bado ni za mawe, lakini kijiji kimetoweka. Njia zimenyooka, nyumba zimejipanga kama askari gwarideni, na vyumba vimepungua. Mlinzi anayesimama mwisho wa safu huona hadi mwisho wa pili. Hata hivyo nafasi kati ya safu haikubanwa, na ndiyo iliyolea viwanja vya soka, vikundi vya muziki na lugha ya Sheng ambavyo Eastlands inajulikana kwavyo.

Buruburu

Safari inaishia Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 kwa mchoro wa kampuni ya Mutiso Menezes na mkopo wa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Paa nyekundu zimerudi, na nyumba zimepangwa tena kwa makundi, ambayo wakazi huyaita koti, zikizunguka uwanja mdogo wenye lango moja. Nyumba nyingi ni za ghorofa moja, zenye ua wa nyuma, na baadhi zina chumba cha mtumishi. Somo la Letchworth lilikuwa limesahihishwa na msanifu wa Nairobi kwa mnunuzi wa Nairobi, mwenye mkopo wa benki na gari la kuegesha. Mnunuzi huyo, kwa kuwa nyumba ni yake, ameongeza duka mbele na ghorofa nyuma, na koti nyingi hazionekani tena katika umbo lake la kwanza.

Bati

Kaloleni haikuuzwa kwa wakazi. Mwenye nyumba ni serikali ya kaunti, iliyorithi mali ya baraza la jiji mwaka 2013, na upangaji katika familia nyingi umepita kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu. Kodi ni ndogo ikilinganishwa na ya soko. Ukarabati nao ni mdogo. Familia imekua, nyumba haikukua. Matokeo yake ni chumba cha mabati kilichoegemezwa ukutani, halafu cha pili, kimoja cha kijana wa nyumba na kingine cha mpangaji. Mwanaanthropolojia Constance Smith, ambaye kitabu chake kuhusu Kaloleni kilitoka mwaka 2019, ameonyesha jinsi wakazi wanavyotumia viendelezo hivyo kujihesabia haki ya kuwa pale.

Ukitazamwa kwa jicho la msanifu, mpangilio wa viendelezo hivyo si wa ovyo. Bati linaanzia mlango wa jikoni, linazungusha ua, linaacha njia ya kupita mtu mmoja, na milango ya vyumba vipya inatazama ndani. Hiyo ni nyumba ya Majengo, yenye vyumba vya kupangisha na ua wa nyuma, imejengwa upya ubavuni mwa nyumba ya Kiingereza. Jina la mtaa midomoni mwa vijana, Ololo, limepitia mabadiliko ya namna hiyohiyo.

Hatima

Mitaa ya zamani ya manispaa inakaa juu ya ardhi ya thamani kubwa karibu na katikati ya jiji. Huko Pangani, nyumba za chini za manispaa zimekwisha kubomolewa na minara ya ghorofa nyingi imesimama mahali pake, na mipango ya namna hiyo imetajwa kwa mitaa mingine ya Eastlands. Haja ya nyumba ni ya kweli: nyumba chache kwa ekari ni anasa katika jiji la watu zaidi ya milioni nne.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamwezesha waziri kulitangaza jengo au eneo kuwa turathi. Kwa Kaloleni, kulinda ukumbi peke yake kungekuwa nusu ya kazi. Kuta zake ni nzuri lakini si za pekee. Mawe ya namna hiyo yako pia Shauri Moyo na katika mtaa wa Bahati. Kilicho cha pekee ni uhusiano kati ya ukumbi, njia zinazopinda, viwanja vya nyasi na milango inayotazamana. Ghorofa zinaweza kujengwa pembeni, kando ya barabara ya Jogoo, bila kuuvunja uhusiano huo. Zikijengwa juu ya nyasi za katikati, ukumbi utabaki jengo la kawaida lililosahauliwa kati ya minara. Uamuzi wowote utakaofanywa, jambo la kwanza la kufanya ni rahisi na halihitaji bunge: wanafunzi wa usanifu wa Nairobi waende na kamba za kupimia, wapime nyumba moja moja pamoja na mabati yake, na wachore mtaa mzima ungali umesimama.